Breki za mbele za Corolla: manjano kabla ya Ngomo

Jumapili, 23 Juni 2024

Nimeamua. Breki za mbele zinafunguliwa zote mbili, zinasafishwa, zinapakwa rangi, zinarudi mahali pake kabla ya tarehe 1 Agosti.

Jana tulitoka Bukavu kwenda Kamanyola kumwona baba. Anayeijua barabara ile anaijua Ngomo: ukishapita Nyangezi mlima unakatika ghafla, na gari linashuka kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa tupu, na bonde la Ruzizi liko kule chini linakungoja. Niliteremka kwa gia ya pili kama nilivyofundishwa, mguu unagusa breki na kuachia, unagusa na kuachia. Hata hivyo, kabla hatujafika chini, harufu iliingia ndani, kitu kati ya nywele zilizoungua na kiatu kilichosahauliwa kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Mama watoto akapandisha kioo akidhani ni lori lililotutangulia. Mimi nilijua si lori.

Tulipofika nililizunguka gari nikisogeza kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Mbele kushoto, vuguvugu. Mbele kulia sikuweza kuhesabu hadi tatu. Breki zikipata moto zote sawasawa, mwenye makosa ni dereva. Ikipata moto moja peke yake, kuna kitu ndani yake kimeng'ang'ania na hakitaki kuachia.

Nikiri jambo moja kabla shajara hii haijaanza kujifanya ya kiufundi: rangi niliinunua tangu Mei. Niliona gari pale Nguba, mtaa wa hapa Bukavu, breki zake nyekundu zinang'aa nyuma ya rimu, nikaumwa na wivu. Kwa hiyo msinione fundi. Nilikuwa natafuta sababu, na Ngomo ikanipa.

Kuhusu majina: huku kwetu tunasema etrie na plakete, maana garaji zetu zilisoma kwa Kifaransa. Wa Nairobi na Dar wanasema kalipa, lile koleo la chuma linalobana diski ya gurudumu, na pedi, vile vibao viwili vinavyoisugua. Nitaandika kalipa na pedi tuelewane wote, ila muzee wa garaji akizungumza nitamwacha aseme vyake.

Gari lenyewe ni Corolla ya 1998, usukani kulia kama nyingi zilizotufikia kutoka Japani, ingawa Kongo tunapita mkono wa kulia. Mbele lina diski, nyuma ngoma.

Jumamosi, 29 Juni

Nusu ya siku imekwisha kutafuta mahali palipo sawa. Bukavu mahali palipo sawa hapazaliwi, panajengwa. Parsele yangu, yaani kiwanja changu, imeinama kiasi kwamba mpira wa watoto ukidondoka unafuatwa kwa jirani. Jirani huyo huyo ana sakafu ya saruji alikokuwa anaweka mapipa ya maji, akaniazima kwa sharti la kuiacha safi.

Breki ya mkono ikavutwa, mawe mawili nyuma ya kila gurudumu la nyuma, jeki ikainua, kisha magogo mawili manene ya mkaratusi chini ya bodi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Gurudumu nililolitoa nimelisukuma chini ya gari pia, magogo yakinisaliti likute kitu cha kuangukia kisicho kichwa changu.

Vumbi jeusi la breki sikulipuliza. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na sanduku la pedi zilizomo sijawahi kuliona, kwa hiyo nimelowesha kila kitu kwa maji ya sabuni, nikapangusa kwa matambara, matambara yakaingia kwenye mfuko na mfuko ukafungwa.

Kisha pini. Kalipa ya gari hili ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani hadi inakutana na diski, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuvuta pedi ya nje ije kubana upande wake. Ukiachia kanyagio, kila kitu kinalegea kwa kiasi cha unywele. Yote hayo yanategemea pini ziteleze.

Pini ya juu kulia ilitoka kwa mkono. Ya chini ilikataa. Nilichomeka bomba kwenye kle, yaani spana, niongeze urefu, nikazungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, ikatoka ikilia kama mlango wa choo cha shule. Nikaishika kwenye mwanga. Ncha bado ilikuwa na grisi, ngumu kama nta ya masikio. Katikati palikuwa pakavu kabisa, kahawia, na pete ya kutu iliyojichonga kwenye chuma. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa na mpasuko mdogo, ukubwa wa punje ya mchele. Maji yaliingia hapo, msimu baada ya msimu. Pedi ya ndani imebaki na milimita 3, ya nje 8, tena ya ndani imelika kwa mshazari kama sabuni ya kufulia.

Nilikaa chini nikaitazama ile punje ya mchele muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kalipa nimeifunga kwa waya kwenye springi. Isiachwe inaning'inia kwenye mpira unaoleta mafuta ya breki. Mpira unaweza kuchanika ndani ukabaki mzima kwa nje.

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru, mji umetulia, kadogo wangu, yaani mdogo wangu, hana pa kwenda. Tumetoa pistoni.

Wenye kompresa wanazitoa kwa upepo, na huo upepo umeshawavunja watu vidole. Sisi tumetumia kanyagio lenyewe: kipande cha mbao mbele ya pistoni, kadogo anakanyaga polepole, mafuta yanaisukuma yenyewe. Tulianza na ya kulia, iliyo kaidi, huku ya kushoto ikiwa bado imefungwa na pedi zake ili isiweze kusogea. Ukianza na laini ikatoka, nguvu yote itakimbilia kwenye lile tundu.

Ya kulia ilitoka kwa kishindo, ikapiga mbao, mafuta yakamwagika kwenye beseni. Rangi yake ni ya chai kavu. Mafuta ya breki yakiwa mapya yanakaribia rangi ya maji.

Pistoni ya kulia ina vijishimo pale mpira unapokaa, ukipitisha ukucha unakwama. Hiyo haisuguliwi, inabadilishwa. Ya kushoto ina doa moja la kutu kwenye ukingo wa nje tu, nitaitunza.

Jumatatu, 1 Julai

Tone moja la yale mafuta lilitua jana kwenye madigadi na sikuliona. Leo asubuhi rangi ya gari pale imekunjamana kama utando wa maziwa. Ukimwagikiwa, maji mengi papo hapo, kupangusa hakutoshi.

Jumatano, 3 Julai

Sokoni Kadutu, tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Nimepata kifurushi cha mipira ya kalipa zote mbili, pedi, na pistoni iliyotolewa kwenye kalipa kuukuu. Nilienda na ile ya zamani mfukoni na kipimo mkononi. Muuzaji alisema "iko ileile", kipimo kikasema hapana mara mbili, mara ya tatu kikakubali.

Mafuta ya breki yanauzwa pia kwenye chupa za maji ya kunywa, yamegawanywa kutoka kopo kubwa. Nimekataa, na muuzaji akaniona mwenye maringo. Tatizo si ujanja wa mtu. Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani, na maji yakiingia yanachemka mapema. Madaraja yake huandikwa DOT. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanywa maji kipimo chake kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, kanyagio linazama hadi sakafuni. Mtu wa Ngomo hahitaji kuelezwa zaidi. Nimenunua kopo la DOT 4 lenye lakiri.

Jumamosi, 6 Julai

Siku ya kutu. Kijana wa jirani alikuja na chupa ya esanse, yaani petroli, kwa nia njema, akiniita yaya, yaani kaka: "Yaya, hii inatoaka uchafu yote." Inatoa, kweli. Lakini ikibaki ndani ya silinda, mpira wa breki unavimba na kuwa laini kama ubani uliotafunwa. Mipira hii inapatana na mafuta ya breki tu. Esanse, dizeli, mafuta ya injini na grisi ya kawaida vyote ni adui. Tumeosha kwa sabuni na maji, tukakausha, ndani ya silinda nikamalizia kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Fremu mbili zinazobeba pedi zililala kwenye siki usiku kucha. Zimetoka za kijivu, safi hadi unaona alama za kiwandani. Nilizisuuza kwa maji yenye magadi nikazikausha juani mara moja, maana chuma kilichotoka kwenye siki kinarudisha kutu ukiwa unakitazama. Kalipa zenyewe sikuzitia: sikutaka asidi ikae kwenye kuta za silinda. Hizo nilizianza kwa brosi ya waya kwenye mashine, umeme ukakatika kwenye robo ya kazi, robo tatu nimemaliza kwa mkono na msasa. Kucha zangu zinaonekana kama za mchimbaji.

Diski nimezipima. Pembeni zimegongwa MIN TH 20, yaani zisipungue milimita 20. Yangu nyembamba kabisa ina 20.9. Zinabaki.

Jumapili, 7 Julai

Rangi! Kiangazi kina wema na ubaya wake: hewa kavu, rangi inashika vizuri, lakini kila pikipiki inayopita inainua vumbi jekundu. Tulimwagia maji uwanja mzima, kadogo akawekwa njiani kuombea amani.

Rangi ni ya manjano, inayovumilia joto, ya brashi. Kwa nini si nyekundu? Kwanza, nyekundu ni ya yule wa Nguba. Pili, kwenye manjano uvujaji unaonekana mapema: doa la unyevu likigandisha vumbi unaliona ukiwa umechuchumaa tu.

Kazi kubwa ni mahali rangi isipokwenda. Tepu ya karatasi ilifunika mdomo wa silinda na mfereji wa mpira wa vumbi, matundu ya pini, tundu la bolti ya mafuta pamoja na uso wake (washa ya shaba haizibi juu ya rangi), na visi, yaani skurubu, ya kutolea hewa. Kwenye fremu nimefunika vikalio vya pedi. Ukivipaka rangi pedi zinabana, na umetengeneza ugonjwa uleule uliokuwa unautibu. Diski nimepaka kitovu na ukingo tu. Uso unaosuguliwa na ule unaokutana na rimu havijaguswa.

Mikono mitatu myembamba. Mkono wa kwanza ulionekana kama nyumba iliyopakwa na mtu aliyelewa. Wa pili ukanipa matumaini. Wa tatu ulikuwa mzuri sana, isipokuwa unywele mmoja wa brashi ulioganda pembeni kushoto. Nimeuacha.

Jumatatu, 8 Julai

Maandishi ya kopo yanataka rangi iokwe saa moja kwenye joto la nyuzi 90 na ushei. Nilipoitazama oveni ya mama watoto, alinitazama mimi, na hatukuzungumza.

Nilichofanya: nusu pipa limefunikwa bati, mbabula chini yenye makaa machache, kalipa zimening'inizwa ndani kwa waya, mipira yote ikiwa bado nje. Kipimajoto sina. Nikaweka humo kopo dogo la maji lenye kifuniko. Kwa kimo cha Bukavu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo kopo likianza kunong'ona naondoa kaa moja, likinyamaza naongeza. Si maabara, lakini rangi imekuwa ngumu, ukucha hauingii.

Jumamosi, 13 Julai

Siku mbaya, na ilianza vizuri.

Mpira mpya wa pistoni una umbo la mraba ukiukata, si mviringo. Mafuta yanapoisukuma pistoni, mpira unaishika na kujipinda nayo. Ukiachia kanyagio, unajinyoosha na kuirudisha nyuma kidogo. Hakuna springi humo ndani, mpira huo ndio springi. Niliupaka mafuta mapya ya breki, nikausukuma mferejini kwa kidole, pistoni ikaingia kwa uzito wa viganja viwili, ikipumua polepole. Pini za kulia ni mpya, zote nne zimepakwa grisi ya silikoni. Kalipa ikawa inateleza kwa kidole kimoja. Nilimwita mama watoto aje aone. Alikuja.

Kufunga tukamaliza giza likiingia. Kisha kutoa hewa. Kanuni ni kuanza na gurudumu lililo mbali na silinda kuu. Kwa gari la usukani wa kulia silinda kuu iko kulia, na tumefungua mbele tu, basi tulianza mbele kushoto. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mpira mwangavu ndani ya chupa, mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha. Kulia vilevile. Kanyagio? Laini kama fufu, yaani ugali, isiyokolea. Tukarudia. Kopo la mafuta likaisha, chupa ikajaa, kanyagio likabaki fufu. Saa tatu usiku nilimwambia kadogo akalale.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa nilimwomba muzee wa garaji ya juu yetu apite. Hakugusa kitu. Alichuchumaa, akawasha tochi ya simu.

"Papa, rangi iko muzuri."

"Aksanti, muzee."

"Ile visi ya kupurje inaangalia wapi?"

Nikainama. "Chini."

"Na hewa inaendaka wapi?"

Sikujibu.

"Hewa inapandaka, papa. Haishukake."

Nilikuwa nimefunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila malalamiko yoyote, bolti zinakubali, kila kitu kinakaa. Ila visi ya kutolea hewa, inayotakiwa kuwa juu kabisa, inageuka chini, na povu la hewa linabaki limekaa juu kama mfalme hata ukipitisha Ziwa Kivu zima.

Aliniuliza kama sikuweka alama. Niliweka! Niliandika kwa kalamu nzito kwenye mikebe ya vipuri na kwenye waya wa kila kalipa. Kwenye ya kulia niliandika K. Na kwenye ya kushoto niliandika K.

Muzee alicheka hadi akashika madigadi. "Ndiyo maana sisi tunaandikaka D na G." Droite na gauche, kulia na kushoto kwa Kifaransa.

Kubadilisha kulikuwa kazi ya saa mbili na washa nne mpya za shaba, maana zile za jana zilishabanwa. Na mafuta yalidondoka kwenye manjano ya kalipa ya kushoto. Niliwahi na maji, lakini kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba kimebanduka. Hewa safari hii ilitoka yote kwa kopo nusu. Kanyagio likasimama.

Jumamosi, 20 Julai

Majaribio. Injini ikiwa imezimwa nilikanyaga mara kadhaa hadi kanyagio likawa gumu, nikalishikilia dakika nzima: halikuzama. Nikawasha injini huku nimekanyaga, likashuka kidogo likasimama, dalili kwamba kisaidizi cha breki kinafanya kazi. Karatasi nyeupe chini ya kila gurudumu la mbele ilibaki nyeupe. Nati za magurudumu nimekaza kwa kle ya kipimo niliyoazima kwa muzee, nyutoni-mita 103.

Kisha barabarani, asubuhi mapema kabla Nyawera haijajaa: mwendo mdogo, kupunguza bila kusimama kabisa, kuacha zipoe, kurudia, ili pedi mpya zizoeane na diski. Gari halivuti upande. Mtoto wangu wa pili anasema breki zinaonekana kama ndizi.

Alhamisi, 1 Agosti

Sikukuu ya wazazi. Alfajiri makaburini kwa mama, kisha safari ya kwa baba.

Ngomo, gia ya pili, kugusa na kuachia. Mama watoto hakupandisha kioo. Mimi nilikuwa nanusa njia nzima kama mbwa wa polisi. Kamanyola nikashuka kabla ya kusalimia mtu, kiganja kwenye rimu ya kulia, nikahesabu hadi kumi. Kushoto, kumi. Joto lilelile.

Manjano haionekani. Vumbi la Nyangezi limeifunika yote. Nilipangusa kwa kidole nimwonyeshe baba mstari mmoja. Baba aliutazama, akatazama nyuma ya gari.

"Na za nyuma?"

"Za nyuma bado, baba."

"Mm."

Jumapili, 4 Agosti

Ngoma ya nyuma kushoto haitoki. Breki ya mkono nimeiachia, mawe yapo magurudumu ya mbele, nimegonga kwa nyundo ya mpira kuizunguka yote, haijasogea. Ina matundu mawili yenye nyuzi, ya kuingiza bolti za milimita 8 zinazoisukuma itoke. Bolti hizo sina, kesho Kadutu. Rangi iliyobaki inatosha ngoma zote mbili. Ukingoni nimeandika G kwa kalamu nzito, kubwa, mara mbili.